Kumsoma Mwenzako: Mwongozo kwa Washairi wa Beni na Butembo

Ikiwa unaandika mashairi na unaishi Butembo au Beni, huenda tayari umo katika kikundi cha WhatsApp ambako watu wanatuma beti, slam na audio zao. Umekwisha kuona mambo yanavyokwenda humo. Shairi linaingia, vidole gumba vinafuata, mtu anaandika "Kuraji, yaya!", mwingine "Félicitations", kisha linakuja tangazo la simu inayouzwa na shairi linazama. Aliyelitunga amepata pongezi nyingi, lakini hajui kama kuna mtu aliyefika ubeti wa tatu.

Mwongozo huu unahusu jinsi ya kuwa mtu huyo aliyefika ubeti wa tatu. Naamini urafiki wa washairi unajengwa hapo kuliko penginepo pote, na kwamba mshairi mwenye wasomaji wawili makini ataandika miaka mingi kuliko mwenye mashabiki mia wasiomsoma.

Anza na mshororo mmoja

Kabla ya kuandika neno lolote chini ya shairi la mwenzako, lisome kwa sauti, hata kama uko kwenye foleni ya kuchaji simu na itabidi unong'one. Halafu chagua mshororo mmoja uliobaki kichwani. Uandike tena kama ulivyo, na useme ulikufanyia nini. Si lazima useme mengi. "Mshororo wako wa sita umenifanya nimkumbuke shangazi yangu wa Oicha" inatosha kabisa, kwa sababu mwandishi anajua sasa kwamba maneno yake yametoka kwake yakafika kwa mtu mwingine, na anajua ni maneno yapi.

Baada ya hapo uliza swali moja la kweli, yaani swali ambalo jibu lake hulijui. Kisha, kama unaona kasoro, taja moja. Ukitaja tano kwa mpigo, mtu anayeanza atasikia kwamba shairi lote ni bovu, na zile nne nyingine hatazikumbuka.

Nichukue mfano. Tuseme mwenzako ametuma mshororo huu:

Ukungu wa asubuhi, umefunika mji wetu wa Butembo

Anataka kutunga shairi la arudhi, lenye mizani 8 kila upande, 16 kwa mshororo. Sheria hizo zilipangwa vizuri na Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika ukitazama kutoka kwetu, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu kutunga mashairi. Hesabu sasa. Upande wa kwanza: u-ku-ngu-wa-a-su-bu-hi, mizani 8. Upande wa pili una 13.

Mtu anaweza kujibu, "Hapa hamna mizani, rudi ukajifunze." Amesema kweli na hajamsaidia mtu. Jaribu hivi: "Yaya, ukungu huu ninaujua, ndio wa kwetu kabisa. Upande wa kwanza umetimia. Wa pili umezidi mizani tano. Ukiondoa 'mji wetu', utabaki na 'umefunika wa Butembo', na hiyo haisomeki. Ukiondoa 'mji wetu wa', unapata 'umefunika Butembo', mizani 8 sawasawa. Hatupotezi kitu, maana sisi sote humu tunajua Butembo ni mji. Unaonaje?" Umempa hesabu, umempa njia, umemwachia uamuzi. Na ile "Unaonaje?" usiisahau. Shairi ni lake.

Jambo jingine: uliza kwanza kama anachotuma ni shairi la arudhi au ni slam, ndipo uhesabu. Vijana wengi wa Kivu ya Kaskazini wameingia katika ushairi kupitia slam, na slam haidaiwi mizani 16. Ilianzishwa Chicago miaka ya 1980 na Marc Smith, aliyekuwa fundi wa ujenzi, na ikatufikia zaidi kwa njia ya Kifaransa, hasa baada ya Grand Corps Malade kutoa albamu yake "Midi 20" mwaka 2006. Kwenye mashindano ya slam watu waliochaguliwa kati ya watazamaji hutoa alama. Jukwaani hiyo inapendeza. Katika kikundi cha marafiki, alama ziacheni. Anayepewa nne mara mbili mfululizo hatatuma cha tatu.

Mjibu kwa ubeti

Kuna njia ya kutia moyo iliyo bora kuliko maoni yote, nayo ni ya zamani sana katika Kiswahili: kujibizana. Mombasa ya karne ya 19 ilikuwa na Muyaka bin Haji, ambaye tungo zake nyingi zilikuwa za kujibu au kuchokoza wengine. Pemba walikuwapo Kamange na Sarahani. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutoka Tanganyika mwaka 1923, likawa mahali pa watu wa miji mbalimbali, ambao pengine hawakuwahi kuonana uso kwa uso, kuulizana na kujibiana kwa beti. Walichokuwa wakifanya kwa posta na kwa gazeti la mwezi, wewe unaweza kukifanya jioni hii kwa mega chache.

Kanuni ni rahisi kuisema. Unachukua vina vya mwenzako na mizani yake, unashughulikia jambo lake, na unaongeza la kwako. Rudi kwa ule mshororo wa ukungu, uliokwisha kunyooshwa:

Ukungu wa asubuhi, umefunika Butembo

Vina vyake ni "hi" katikati na "mbo" mwishoni. Rafiki yake wa Beni, ambako ni chini zaidi na kuna joto, anaweza kumjibu:

Beni jua limewahi, ukungu kwetu ni wimbo

Tazama kilichotokea. Wa Beni hakumwambia wa Butembo kwamba mshororo wake ni mzuri. Alivichukua vina vyake akavitumia, na hakuna awezaye kufanya hivyo bila kusoma kwa makini. Wa Butembo naye sasa ana deni: lazima arudi na mshororo wa tatu. Ndiyo maana kujibizana kunadumisha urafiki kuliko pongezi, kwa kuwa pongezi hufunga mazungumzo na ubeti huyaendeleza.

Pangeni basi wawili wawili, mmoja wa Butembo na mmoja wa Beni. Ni kilomita 54 tu, lakini kuna miezi ambapo barabara hiyo mtu haipiti bila sababu kubwa, na uhusiano wa beti unaweza kuivuka kila juma. Anayeanza atoe ubeti Jumatatu, mwenzake ajibu kabla ya Ijumaa. Msiweke muda mfupi zaidi, kwani umeme unakatika, mega zinaisha na watu wana mashamba, maduka na mitihani.

Mkibishana, bishaneni juu ya hoja. Kujibizana kwa zamani kulikuwa na maneno makali, na ukali ni sehemu ya utamu wake. Lakini wale walikuwa wameshajengeana heshima. Kwa mwezi wa kwanza wa kikundi kipya, mimi nisingeruhusu beti za kuchokoza mtu kwa jina.

Kiswahili kipi?

Swali hili litazuka mapema, hasa akiingia mtu kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Kampala. Mtu wa kwetu ameandika "batoto" na "bantu", mgeni anacheka, na mwandishi ananyamaza miezi miwili.

Msikubali kicheko hicho. Hapa kwetu nyumbani watu wengi wanasema Kinande, shuleni wanasoma kwa Kifaransa, sokoni na barabarani wanatumia Kiswahili cha Kongo. Mshairi anayeandika anavyosema hajakosea. Ukipenda kuhesabu, "ba-to-to" na "wa-to-to" zina mizani ileile tatu, kwa hiyo arudhi haijavunjika hata kidogo. Kinachostahili kuulizwa ni kama alichagua. Akianza na "watu", akaendelea na "batu", kisha akarudi "watu", muulize: umekusudia, au umesahau? Kama kuna anayezungumza ndani ya shairi, bibi wa kijijini kwa mfano, huenda lugha ya bibi ndiyo inayotakiwa hapo. Kama ni kusahau, atashukuru kuambiwa.

Maneno ya Kinande yaacheni yaingie, na yeyote asiyeyajua aulize. Methali za wazee wa Lubero na Beni zina mengi ambayo Kiswahili hakijayapata.

Kuhusu heshima: mwandikie mtu kama ungemwita mkikutana. Mkubwa wako ni yaya au mukubwa, mwenye umri wa wazazi wako ni papa au mama, aliyekufundisha ni mwalimu hata kama leo unamzidi kwa kutunga. Kijana anayemsahihisha mtu mzima aanze na shukrani kisha aulize. Na mtu mzima anayemsahihisha kijana asimwite "mtoto" mbele ya kikundi.

Jina la kimalenga

Kwa desturi yetu Wanande, jina linafuata mpangilio wa kuzaliwa. Mvulana wa pili ni Kambale, msichana wa kwanza ni Masika, na kadhalika. Matokeo yake kikundi cha watu 40 kinaweza kuwa na akina Kambale sita, na hakuna anayejua ni yupi aliyetunga lipi. Chagua jina la kimalenga, kama wanavyofanya washairi wa pwani tangu zamani. Likae chini ya kila shairi unalotuma, pamoja na mwaka. Litakusaidia pia shairi lako likisambazwa bila ruhusa, na kwa mambo nitakayoyasema sasa hivi, linaweza kukulinda.

Shairi la msiba

Hapa ndipo vikundi vingi vinashindwa, na hapa ndipo rafiki anapotakiwa kuliko mahali pengine popote.

Tangu mauaji ya raia yalipoanza katika eneo la Beni Oktoba 2014, watu wetu wameandika sana juu ya kifo. Kisha ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika 25 Juni 2020 baada ya kuua zaidi ya watu 2,200, wengi wao katika maeneo yetu haya. Shairi linaweza kuingia kwenye kikundi saa sita za usiku, limeandikwa na mtu ambaye mchana huo amepoteza kaka. Vina havipo. Mishororo mingine haijaisha.

Siku hiyo usihesabu mizani. Usimwambie kwamba kibwagizo kimerudiwa mno. Usimwulize ni wapi, ni wangapi, nani amefanya. Mwenye kufiwa si mtangazaji wa habari. Andika mshororo wake mmoja, sema umeusoma na utaukumbuka, kisha mpigie simu au uende matanga kama njia inapitika. Kikundi kizima kisiandike "Pole" mara 60, maana simu yake italia usiku kucha. Msimamizi anaweza kuandika kwa niaba ya wote na kuwaomba wengine wampigie mmoja mmoja kesho yake.

Usilipeleke shairi hilo kwingine bila ruhusa yake, hata kama limekuliza, hata kama unafikiri ulimwengu unapaswa kulisoma. Usiku ule alikuwa akiwaandikia ninyi.

Baada ya matanga, pengine baada ya majuma, pengine baada ya mwaka, yeye mwenyewe atasema anataka kulirudia. Hapo ndipo msaada wako wa ufundi unahitajika, na usimnyime kwa huruma. Aliyeomba kusahihishwa akiambiwa tu "liko vizuri" anaachwa peke yake. Kaa naye ubeti kwa ubeti. Muulize ni lipi haliwezi kuondoka kwa vyovyote. Hilo mliache kama lilivyo, na mengine myashone kulizunguka.

Sasa usalama. Tarehe 6 Mei 2021 mkoa wetu uliingia katika état de siège, na wanajeshi na polisi wakachukua nafasi za watawala wa kiraia. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23, na kikundi kimoja cha mashairi kinaweza kuwa na wenzetu walio pande zote mbili za mstari wa vita. Kwa hiyo kabla ya kutuma, na hasa kabla ya kusambaza la mwingine, pitia haya. Ondoa jina la njia, shamba au shule ambako watu wamejificha. Usitaje mahali askari walipo, wawe wa upande wowote. Jina la marehemu lisitoke kabla familia haijakubali. Kama ubeti unamshtaki mtu kwa jina au kwa cheo, mwandishi aamue akiwa ametulia, akijua anachokifanya, na ninyi msimshangilie ili aende mbali kuliko alivyotaka. Ujasiri ni wake, na gharama atailipa yeye. Aliye Kampala au Ulaya asimsukume aliye Oicha.

Kuna jambo moja ambalo haliachwi lipite. Uchungu ukigeuka kuwa beti za kuchukia kabila zima, mwite mwandishi pembeni siku hiyohiyo. Mwambie unaelewa ametoka wapi. Mwambie pia kwamba ubeti ule unaweza kumfikia mtu mwenye panga. Msimamizi aufute, kisha abaki naye kwa simu, asimfukuze. Kufukuzwa kutampeleka mahali ambapo beti kama hizo zinapokewa kwa makofi.

Wasichana wanaoandika

Hili liko wazi na linasemwa kidogo. Msichana akituma shairi la mapenzi, wanaume watatu wanamfuata faraghani, kila mmoja akisema anataka "kumsaidia". Baada ya mara mbili anaacha kutuma. Tumepoteza washairi wengi namna hii.

Wekeni kanuni kwamba maoni yote juu ya shairi yanatolewa ndani ya kikundi, mbele ya wote, isipokuwa mwandishi mwenyewe ameomba vingine. Wasimamizi wawe angalau wawili na mmoja wao awe mwanamke, ili kuwe na mtu wa kumlalamikia. Na shairi la mapenzi lisomwe kama shairi. Anayesema "mimi" ndani ya beti anaweza kuwa amebuniwa.

Mambo madogo yanayookoa

Audio ni nzuri kwa kughani, lakini tuma na maandishi yake, kwani mwenye mega kidogo atasoma hata akishindwa kupakua. Video ziwe chache.

Kila shairi liwe pia katika daftari, kwa mkono. Intaneti ilikatwa nchi nzima tarehe 31 Desemba 2018, na ilichukua karibu majuma matatu kurudi. Simu nazo zinaibwa na kuanguka majini. Kikundi kiwe na mtunza daftari anayenakili yale ambayo waandishi wameyakubali. Shaaban Robert alimwandikia barua mdogo wake Yusuf Ulenge kwa miaka mingi, na barua hizo za 1931 hadi 1958 tunaweza kuzisoma leo kitabuni kwa sababu kuna mtu aliyezihifadhi.

Mkipanga kusomeana moja kwa moja, kumbukeni kwamba Kampala, Nairobi na Dar es Salaam ziko mbele yetu kwa saa moja. Andikeni "saa za Butembo".

Anayeiba shairi la mwenzake aulizwe faraghani mara moja. Akirudia, aondoke.

Na onaneni. Mtu uliyemwona akisoma kwa sauti yake mwenyewe, mikono ikitetemeka, hutamwandikia tena kwa ukali uleule. Ombeni ukumbi wa parokia au darasa la shule Jumamosi mchana, mmalize mapema ili kila mtu afike nyumbani kukiwa na mwanga. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Katoliki cha Graben huko Butembo na wale wa chuo kikuu cha UCBC huko Beni wanaweza kuomba chumba kupitia walimu wao. Beti tano zilizojibizana vizuri zinaweza kupelekwa redioni; Radio Moto na nyinginezo zinasikika hadi vijiji ambavyo havina intaneti kabisa, na huko nako kuna watu wenye madaftari.

Mwenzenu akinyamaza

Kwingine mtu akiacha kutuma mashairi, amechoka. Kwetu anaweza kuwa ameishiwa mega, ameuza simu, amekimbia na familia yake, anaumwa, au limempata kubwa zaidi. Usimuulize ndani ya kikundi "Umepotelea wapi?" mbele ya watu 40. Mwenzake wa kujibizana ampigie, na asipopatikana apige kwa jirani au kwa ndugu yake. Kwa sababu hiyo kila jozi ibadilishane tangu mwanzo namba ya pili ya mtu wa karibu. Akipatikana, usianze na shairi. Muulize habari za nyumbani, za watoto, za mahali anapolala. Kama amehama, muulize kama daftari lake limebaki nyuma, kisha mtunza daftari wenu amtumie mashairi yake yote yaliyonakiliwa, pamoja na ule ubeti wa mwisho ambao bado hajaujibu.